Pleti za klachi za Vespa PX za zamani: uchukue zipi? Wenye Vespa karibuni

Mwanzisha uzi (Unguja Mjini)

Assalam alaykum wadau, na habari zenu nyote. Nafungua huu uzi mana kila nikikaa naletewa Vespa na mtu keshanunua pleti za klachi tayari, anataka afungiwe tu aondoke, ukizishika mkononi unajua kabisa hizi hazifiki mbali. Pesa imeshakwenda, muuzaji harudishi. Inaniuma, kwa sababu hizi Vespa ndo zimelea familia nyingi hapa kisiwani na haziwi mpya tena, tunazo hizi hizi.

Nazungumzia PX na ndugu zake: P125X, P150X, P200E, PX150E, zile za gia mkononi zilizoanza kutoka Italia mwaka 1977. Zilizotangulia kama Super na Sprint mengi yanafanana ila kuna tofauti nitazigusa.

Msimamo wangu nausema mapema. Kama injini yako ni ya kiwandani, silinda ileile, ekzosi ileile, wewe chukua pleti 3 za korki za kampuni inayojulikana, uchukue na vyuma vyake vya kati, na springi za nguvu ya kawaida. Za kaboni, za kevla, springi ngumu, seti ya pleti 4, hivo vyote vimetengenezwa kwa ajili ya injini zilizoongezwa nguvu, na ukiviweka kwenye Vespa ya kawaida unajitafutia matatizo ambayo hukuwa nayo.

Korki ni gome la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, linasagwa linagandishwa kwenye bamba la chuma. Inapenda oili, inashika taratibu, haikurushi ukiachia klachi. Vespa gia zake ni nne tu na unaachia klachi mara nyingi sana kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa hiyo ule ulaini wa kushika ndo kitu unachokitaka.

Sasa kabla hujaenda dukani, hakikisha kweli pleti ndo zimekwisha. Wengi wanabadilisha pleti wakati ugonjwa ni waya. Tazama levo ya klachi, inatakiwa iwe na mchezo kidogo kama milimita 2 kabla haijaanza kuvuta. Kama haina mchezo kabisa basi klachi iko nusu wazi muda wote, itaslipu, yaani itateleza bila kushika, hata ukiweka pleti za dhahabu, na ukiendelea hivohivo utazichoma kweli. Rekebisha ajasta ya waya kule chini kwenye injini, tembea, uone. Kama bado, weka gia ya nne, bana breki, achia klachi taratibu huku umefungua mafuta kidogo. Injini ikizimika klachi inashika. Ikiendelea kunguruma bila kuzimika, hapo sawa, pleti zimekwisha au springi zimechoka.

Na mwage oili ya gia boksi uitazame. Ikitoka na vijipande vya kahawia kama vumbi la mbao, hizo ni korki zako zimeanza kubanduka, usiulize tena.

Halafu jua klachi yako ni ipi. Hapa ndo watu wanapigwa, dukani wanakwambia "za Vespa hizi" kama vile Vespa ni moja. 125 na 150 klachi yake ni ya springi 6, ya 200 ni springi 7 na ni pana zaidi, halafu kuna ile iliyokuja na Vespa Cosa yenye springi 8, hiyo baadae waliifunga mpaka kwenye PX za miaka ya 1990. Pleti za hizi tatu haziingiliani. Na usitegemee maandishi ya kwenye bodi mana bodi nyingi huku zimeshabadilishwa injini. Soma namba ya injini, imegongwa karibu na pale shokapu ya nyuma inapofunga. VNX ni ya 125, VLX ni ya 150, VSE ni ya 200. Na bado, ndani ya injini ya VLX fundi wa zamani anaweza akawa ameshaweka klachi nyengine, kwa hiyo kwa uhakika kabisa fungua kwanza, hesabu springi, nenda dukani na pleti yako kuukuu mkononi.

Ukiwa dukani usione haya, kagua. Weka pleti tatu zote juu ya kioo cha kaunta. Zinatakiwa zilale bapa bila kuyumba. Zipange wima ubavuni kwa ubavuni, unene uwe sawasawa. Pitisha ukucha kwenye ukingo ambapo korki imegusana na bamba, ikiwa inachomoka au kuna gundi imevuja mpaka juu ya korki, rudisha. Tazama meno yake, yawe yamekatwa safi bila mabaki ya chuma yaliyochongoka, mana hayo yanakwenda kutafuna sehemu inayoteleza na klachi inakuwa haikati, yaani haiachii vizuri ukivuta levo. Mimi huwa nainusa pia, korki nzuri ina harufu ya mbao kavu, ile mbovu inanuka gundi tu.

Karibuni kwa maswali, tuwekane sawa.

---

Mdau (Mwanakwerekwe)

Shekhe umenikuta mahali pake. Yangu ni P150X, ya marehemu baba, nikiwa peke yangu haina shida ila nikipakia mtu na mzigo nikaingiza namba nne injini inalia juu mwendo hauongezeki. Fundi kanipigia hesabu ya pleti, springi, basketi na waya vyote kwa pamoja. Mimi sina hizo pesa zote kwa mpigo, nianzie wapi?

---

Mwanzisha uzi

Allah amrehemu mzee. Anza na waya, ndo rahisi. Ukishahakikisha levo ina mchezo na bado inaslipu, fungua klachi. Injini haishuki, asikudanganye mtu. Unatoa gurudumu la nyuma, unamwaga oili, unailaza Vespa upande wa injini, unatoa kifuniko cha klachi na klachi inakutazama.

Pleti na springi nunua pamoja. Springi zikikaa zimebanwa miaka 40 zinafupika, na mbaya zaidi hazifupiki sawa. Zisimamishe zote sita mezani uweke rula juu, utaona rula inalala upande. Springi zikiwa haziko sawa pleti zinabanwa upande mmoja, korki inaliwa upande huo, hata mpya itakwisha mapema. Springi zenyewe si ghali ukilinganisha na pleti, kwa hiyo usibane hapo.

Basketi, lile kopo la chuma linalobeba pleti, usinunue mpaka uone sababu. Tazama yale mapengo ambayo pleti zinateleza ndani yake. Kama kuna makovu unayasikia kwa kidole ila madogo, msasa au tupa ndogo inatosha kuyalainisha. Kama yameliwa mashimo ya kuingia ukucha, hapo ndo basketi. Tazama na ile bushi ya shaba ndani ya giya ndogo ya klachi, ishike giya uitikise, ikicheza sana utakuwa unasikia kelele ukishika klachi na ukiiachia inanyamaza au kinyume chake. Hiyo bushi inabadilishwa peke yake.

---

Mdau (Dar)

Wakuu naona mnazipamba za Italia ila tuongee ukweli, spea za Kihindi ndo zimetufikisha hapa. Nimefunga pleti za Kihindi kwenye PX na inadunda vizuri tu na bei ni nusu. Wahindi wametengeneza Vespa miaka na miaka, wanajua wanachofanya. Kwanini mtu alipe zaidi kwa ajili ya jina?

---

Mwanzisha uzi

Kaka hoja yako ina uzito na sikupingi yote. Bajaj walikuwa wakiunda Vespa kwa leseni tangu miaka ya 60 mpaka 1971, baadae wakatoa Chetak yao, na LML, kampuni nyengine ya India, walitengeneza PX kabisa kwa kushirikiana na Piaggio. Kwa hiyo ujuzi upo, na kuna pleti za LML zile orijino za kiwandani zilikuwa nzuri, ukizipata leo chukua.

Tatizo ni hizi za sasa hivi zinazokuja kwenye mfuko wa nailoni bila jina, au zina boksi lenye jina la Piaggio limeandikwa vibaya. Kiwanda cha LML kimeshafungwa, kilichobaki sokoni kila mtu anatengeneza anavyojua. Leo unapata seti nzuri, kesho kwa muuzaji yuleyule unapata seti ambayo korki imechanganywa na kitu kama karatasi ngumu, ikilowa oili inavimba na klachi inakuwa haikati. Za Surflex au Newfren za Italia ukinunua leo na ukinunua mwakani ni kitu kilekile, hicho ndo unachokilipia. Ila kama za kwako zinashika na hazijabanduka, endelea nazo, usizitoe kwa sababu ya uzi huu.

---

Mdau (Mombasa)

Salaam ndugu zangu. Mimi nina LML NV hapa Mombasa, klachi ni ileile ya springi sita. Nimefungua nikapata vile vyuma vya kati vina rangi ya bluu, vingine kama zambarau. Fundi asema nivipige msasa nirudishe. Na duka limoja laniambia nichukue seti ya pleti nne badala ya tatu, ati eneo la kushika ni kubwa. Mwasemaje?

---

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu ile bluu ni alama ya moto. Chuma kimepata joto kali kikageuka rangi, na kikipata joto namna hiyo mara nyingi kinapinda kidogo hata kama jicho halioni. Kilaze kwenye kioo, bonyeza ukingo mmoja kwa kidole, ukisikia kinapiga tak tak kwenye kioo kimepinda. Kilichopinda hakinyooshwi, tupa. Msasa ni kwa vile vilivyo bapa ila vimeng'aa kama kioo, hivo unavisugua msasa laini kwa duara kuondoa ule mng'aro na korki mpya inapata pa kushika. Ukiweka korki mpya na chuma kilichopinda unakuwa na klachi inayotetemeka ukiondoka na haikati vizuri ukisimama.

Pleti nne zinakuja nyembamba ili zienee kwenye nafasi ileile ya tatu. Eneo la kushika ni kubwa kweli, hilo halina ubishi. Lakini ukiivuta levo, nafasi ileile ndogo ya kuachana sasa inagawanywa kwa pleti nyingi zaidi, kila moja inapata upenyo mdogo. Waya ukilegea kidogo tu pikipiki inatambaa kwenye taa na nyutro haipatikani. Na korki nyembamba ina kidogo cha kuliwa. Kwa LML isiyoongezwa nguvu mimi sioni faida.

---

Mdau (Ujerumani)

Habari wakuu, nafuatilia kutoka huku Ujerumani. Huku kuna maduka makubwa ya spea za Vespa, SIP na Scooter Center ndo yanajulikana zaidi, na kila kitu cha PX kinapatikana kipya. Nakubaliana na wewe kwa injini ya kawaida ila niongeze kitu. Mimi PX yangu ni ya 125 iliyowekwa silinda ya 177, na kwa nguvu ile pleti 3 na springi za kawaida ziliniangusha, zilikuwa zinaslipu kila nikifungua mafuta yote. Nimeweka pleti 4 za korki na springi ngumu kiasi, basketi yenye ringi iliyochomelewa, sasa iko poa. Kwa hiyo msiziseme vibaya sana, zina kazi yake.

---

Mwanzisha uzi

Sawa kabisa mkuu, na umeitaja basketi yenye ringi, hilo watu wengi huku hawalijui ndo mana ninaogopa springi ngumu. Basketi ya kawaida ya springi 6 ina mapengo yaliyo wazi juu, ile midomo yake ikipata mzunguko mkubwa na nguvu kubwa inatanuka nje. Ukichukua springi ngumu ukaziweka kwenye basketi ya kawaida ya zamani, kwanza levo inakuwa nzito mpaka mkono unauma, waya unakatika mapema kwenye ile nipo ya juu, na ile batani ya shaba inayosukuma klachi pale katikati inaliwa upesi, mana ndo inayobeba nguvu yote ukiivuta levo. Batani hiyo wote mnaofungua klachi itoeni muitazame, ikiwa imeliwa upande badilisha, ni kitu kidogo sana.

Kwa silinda ya 177 ulivyofanya ndo inavyotakiwa, ulibadilisha vyote pamoja. Anayeweka springi ngumu peke yake kwenye injini ya kawaida ili kuficha pleti zilizokwisha, huyo anaharibu.

---

Mdau (Pemba)

Yangu haislipu ila asubuhi ikikaa sana klachi haikati. Nikiwasha nikaweka gia ya kwanza inaruka mbele inazima. Ikishapata moto inakaa sawa. Pia moshi mweupe mwingi na oili ya gia boksi inapungua, nikiongeza inapungua tena. Hizi pleti au nini?

---

Mwanzisha uzi

Hayo ni mawili mbalimbali.

La kwanza, korki zikikaa bila kutumika zinagandana na vyuma. Asubuhi kabla hujapiga kiki ingiza gia ya pili, vuta klachi, isukume mbele na nyuma mpaka uhisi imeachia ghafla, halafu rudisha nyutro uwashe. Kama inakubali hivo pleti zako hazina neno. Ila na oili gani umeweka? Wengi wanaweka ile nzito ya 90 ya difu za malori kwa kuwa imeandikwa ni ya gia. Hiyo hapana. Vespa inataka SAE 30 ya kawaida, robo lita tu, klachi na gia zinaogelea humohumo. Ukiweka nzito zinagandana zaidi. Na zile oili za kisasa za gari zilizowekwa dawa ya kupunguza msuguano nazo si nzuri, zinaifanya korki iteleze.

La pili ni zito kidogo. Oili sili ya krenki upande wa klachi imekufa. Injini inapovuta pumzi inavuta na oili ya gia boksi, inaiunguza, ndo huo moshi mweupe na ndo mana inapungua. Na wakati mwengine inakuwa kinyume, petroli inaingia kwenye gia boksi. Vuta ile oili unuse, ikinuka petroli ujue ndo hivo, na oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi haiwezi kulinda giya wala beringi. Kwa hiyo usiweke pleti mpya kabla ya kurekebisha sili. Hii sasa ndo injini inashuka na kupasuliwa, hakuna njia ya mkato. Ukishaipasua weka na beringi za krenki za upande huo mana sili mara nyingi inauliwa na beringi iliyocheza.

---

Mdau (Mwanakwerekwe)

Nimerudi shekhe. Waya nimerekebisha bado inaslipu, nimefungua, korki mbili zimeliwa mpaka karibu na chuma. Nimepata seti ya Surflex ya springi 6 kwa mtu anayeleta kutoka Italia. Nataka kufunga mwenyewe na ndugu yangu, kuna cha kuangalia?

---

Mwanzisha uzi

Mashallah umefanya vizuri. Sikiliza, pleti mpya zilowe kwenye oili ileile utakayoweka, ziache usiku mzima. Korki kavu ukiifunga ikaanza kusuguana inaungua juujuu na hairudi tena.

Kuifungua klachi yenyewe usitumie bisibisi kung'oa ile ringi ya waya inayoshikilia pleti. Pitisha bolti ndefu katikati na washa kubwa kila upande, kaza nati mpaka springi zibanwe, ringi inatoka yenyewe, halafu legeza nati polepole. Springi sita zikifyatuka kwa pamoja zinaumiza jicho. Kabla hujatoa chochote piga picha mpangilio, na kama kwenye seti kuna pleti yenye korki upande mmoja tu, ikae palepale na igeukie kulekule ilivyokuwa ya zamani.

Hesabu meno ya ile giya ndogo ya klachi kabla ya kurudisha, kama kuna mtu alishaibadilisha. PX ya 150 ina 21, ya 125 ina 20, na zote zinakwenda na giya kubwa ya meno 68. Sprint na Super za zamani zina 22 na kubwa yake ni 67. Usichanganye moja ya huku na moja ya kule hata kama inaonekana inaingia, meno yatasagana na yale mapande ya chuma yote yanazunguka na klachi yako mpya ndani ya oili.

Kwenye krenki kuna kii ya nusu mwezi, ikae kwenye mfereji wake kabla hujasukuma klachi ndani, na itazame kama ina alama ya kukatika. Ile nati yenye mapengo ina soketi yake maalumu, usiipige patasi na nyundo, azima soketi kwa fundi yeyote wa Vespa. Kaza Nm 40 mpaka 45, ukunje loki washa juu yake, loki washa iwe mpya. Wakati wa kukaza usizuie giya kwa kuchomeka bisibisi kwenye meno, tumia kizuizi cha klachi.

Kifuniko kina oringi yake, nunua mpya pamoja na pleti, ile ya zamani imeshakuwa ngumu na itavujia kwenye gurudumu la nyuma, sasa breki ya nyuma ikipata oili ni balaa jengine. Jaza robo lita ya SAE 30 Vespa ikiwa imesimama wima. Siku za mwanzo endesha kwa upole usipakie mizigo, korki zitakaa na mchezo wa levo utapungua, kwa hiyo rudi kwenye ajasta uulegeze waya mpaka ile milimita 2 irudi. Ukikwama popote weka picha hapa, nipo.

---

Mdau (Mwanakwerekwe)

Shukran sana shekhe. Pleti zimeshaingia kwenye oili, soketi naazima leo Darajani, kesho baada ya alfajiri tunafunga inshallah. Nitaleta picha.